Mlipaji wa Ngoma: Hazina ya Mji Mdogo na Wageni Wake katika Bonde la Kilombero

Lipangalala ni kata mojawapo ya mji wa Ifakara, mahali ambapo nyumba za mjini hukoma na majaruba ya mpunga huanza. Mwenye kusimama hapo baada ya mavuno huona upande mmoja mapaa ya bati, upande wa pili mabua yaliyokatwa, na mbali, kaskazini magharibi, milima ya Udzungwa. Katika miaka ya karibuni halmashauri za miji midogo ya Tanzania zimehimizwa kuwavuta watalii, na njia inayotajwa mara nyingi ni tamasha: ngoma za asili, mbio za miguu, maonyesho ya vyakula na kazi za mikono. Jambo hili husemwa kwa wepesi. Lakini kila tamasha lina jukwaa, maji, ulinzi, chakula cha wachezaji na nauli zao, na mtu wa kulipa hayo yote. Ni nani mlipaji huyo katika mji wa kadiri ya Ifakara? Swali ni la fedha, ila jibu lake limo katika historia, kwa kuwa bonde hili limepata kuwa na walipaji wa namna mbalimbali, na kila mlipaji aliigeuza ngoma ifuate mfuko wake.

Kabla kodi ya serikali yoyote haijafika bondeni, mlipaji alijulikana. Wandamba, watu wa mito na uvuvi. Wambunga, waliotokana na misukosuko ya Wangoni katika karne ya 19. Wapogoro wa upande wa Mahenge. Na Wabena wa mabondeni, kila kaumu ilikuwa na michezo yake, na sangula ingali ikijulikana Ulanga na Kilombero mpaka leo. Mwaka wa bonde ulipangwa na maji. Mto ulipofurika, uwanda wote uligeuka kuwa kama ziwa, na watu walikaa mashambani wakiulinda mpunga katika madungu. Maji yalipopungua na mavuno yakaingia ghalani, ndipo harusi na kumaliza matanga vilipopata nafasi. Mwenye shughuli alitoa nafaka ya pombe na ya chakula. Ndugu na majirani walimchangia kwa zamu, kila mmoja akijua kwamba siku yake itafika naye atachangiwa. Mgeni hakulipa kiingilio. Alilipa kwa kumwalika mwenyeji wake msimu mwingine. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, lakini ilikuwa hesabu timamu: ghala likiwa tupu, ngoma haikulia.

Serikali ya Wajerumani ilianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897. Miaka minane baadaye vikaja Vita vya Maji Maji. Boma la Mahenge lilishambuliwa mwezi wa Agosti 1905, na njaa iliyofuata vita iliua watu wengi kuliko risasi. Nafaka ambayo zamani ilikuwa akiba ya ukarimu haikuwapo tena, na ile iliyopatikana baadaye ilikuwa na mdai mwingine, naye alitaka fedha taslimu. Huu ulikuwa mgeuko mkubwa kuliko unavyotajwa katika vitabu vingi: tangu hapo mpunga ulikuwa na bei, na mwenye kuualikia wageni alijua thamani ya alichokitoa.

Waingereza, kwa sheria yao ya watawala wenyeji ya mwaka 1926, waliweka hazina za wenyeji, zilizopewa sehemu ya kodi ili zilipe mishahara ya watawala na makarani, mahakama na kazi ndogo za barabara. Kugharimia michezo hakukuwa miongoni mwa madhumuni yake. Mijini ngoma ilihitaji kibali, na kibali aghalabu kilikuwa na ada. Kwa hiyo katika vitabu vya serikali ngoma ilionekana upande wa mapato, au katika taarifa za polisi. Haikuonekana upande wa matumizi. Wakati huohuo vyama vya beni, vilivyotoka pwani na kuenea bara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Marini na Arinoti vikishindana kwa sare, vyeo na karamu, vilionyesha kwamba watu wangeweza kujitoza wenyewe kwa hiari, tena sana, ili wawapokee wageni wa mji mwingine kwa fahari. Watawala waliogopa mpango huo kwa sababu ulikuwa na hazina isiyo yao. Pengine hofu yao ndiyo ushahidi bora wa uwezo wake.

Baada ya uhuru serikali iligeuka kutoka mtoza ada na kuwa mwenye shughuli. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, na mbio zake zikaanza 1964. Saba Saba ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa TANU, chama kilichoundwa 1954. Baadaye Nane Nane ikawa sikukuu ya wakulima, na wilaya za kanda ya mashariki zikawa zikipeleka mazao na vikundi vyao Morogoro kila Agosti. Ngoma ya kijiji ilipata usafiri, sare na kipaza sauti. Ilipata pia saa ya kuanza na dakika za kumaliza, ikachezwa mbele ya meza ya wakubwa. Mlipaji alikuwa halmashauri, na nyuma ya halmashauri walikuwa wananchi na wafanyabiashara walioombwa michango, ambayo si kila mara ilikuwa ya hiari kama lilivyosema jina lake. Yafaa kuliangalia jambo hili bila chuki: sherehe hizo ziliwakutanisha watu waliokuwa hawajapata kukutana. Lakini zilimzoesha mcheza ngoma kuitwa, na zikamzoesha mwenye mji kuwa mtazamaji katika mji wake.

Hazina yenyewe ya mji haikupata kutulia. Serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972. Zile za mijini zikarudishwa 1978, na sheria za 1982 zikazirudisha nyingine. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo wa kero. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa hata asilimia 5, ulishushwa ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima wa mpunga alishukuru, naye alikuwa na haki ya kushukuru. Kwa mji ulao kwa mpunga, hata hivyo, ulikuwa upungufu mkubwa. Tena marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika kinachosalia mna madawati, zahanati, taka za sokoni, na mifereji ya mji ambao mto Lumemo umeufurikia mara kwa mara. Diwani wa Lipangalala atakayesimama kuomba fedha za tamasha, atasimama mbele ya watu ambao nyumba zao zimepata kuingia maji. Hawezi kuwaambia kwamba wageni watakuja, kisha akae kitini. Lazima aonyeshe fedha za wageni zitarudi kwa mlango upi.

Na hapo ndipo penye ugumu. Bonde lina vitu vya kutazamwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa 1992, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita zipatazo 170, na nyani-mbega wa aina zisizopatikana penginepo duniani. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko ya Kilombero, hekta 796,735, uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo huishi sheshe, swala wa majini, ambaye idadi yake imepungua sana. Daraja la mita 384 juu ya mto Kilombero lilifunguliwa 2018, na kivuko kilichokuwa hatari kikastaafu. Lami ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu imeifikia Ifakara. Lakini ada ya lango la hifadhi, huko Mang'ula, ilikuwa ya shirika la hifadhi, na tangu mwaka wa fedha wa 2020/21 mapato ya shirika hilo yalielekezwa katika mfuko mkuu wa taifa. Mlango ulio wa mji wenyewe ni mwembamba: ushuru wa nyumba za kulala wageni, ushuru wa huduma, leseni, na vizimba vya sokoni.

Basi ni nani alalaye katika nyumba hizo za wageni? Ni mnunuzi wa mpunga, aliyekuja na lori. Ni abiria wa reli ya TAZARA. Ni jamaa ya mgonjwa aliyeletwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ni mtafiti, mgeni wa taasisi iliyotokana na maabara ndogo ya Waswisi iliyofunguliwa 1957, baada ya Rudolf Geigy wa Basel kuizuru Ifakara mwaka 1949. Si mzaha kusema kwamba huenda mbu ameiletea Ifakara wageni wengi kuliko tembo. Na majaruba ya pembeni mwa mji, ya Lipangalala yakiwamo, yamo katika maandishi ya wataalamu wa malaria. Mithali husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wa Ifakara wote walikuja na jembe lao mkononi, na kwa hiyo hawahesabiwi kuwa watalii, ingawa hulala, hula na hulipa.

Miji mingine ya Afrika ya Mashariki imekwisha kulijaribu jambo hili, na kila mmoja una funzo la aina yake. Bagamoyo ina tamasha la sanaa tangu 1982, mwaka mmoja baada ya chuo chake kuanza; chuo ndicho mlipaji, na nyuma ya chuo, kwa miaka mingi, msaada wa Wasweden. Jumba la michezo lilipoungua 2002, msaada huo ndio ulioinua jingine. Unguja ina Sauti za Busara tangu 2004, tamasha la muziki linalojaza Mji Mkongwe kila Februari. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi 2017, lakini somo halikufutika: fedha za wageni ziliingia katika hoteli, teksi na maduka, na gharama za jukwaa zilibaki kwa waandaaji na wafadhili wao, wengi wao wa ng'ambo. Kumbe hata penye wageni tele, tamasha laweza kufa njaa likiwa katikati ya karamu, maadamu hakuna mfereji wa kulirudishia sehemu ya kile lilicholeta.

Lamu ni habari nyingine, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ghala la Mndamba. Maulidi ya Lamu, yaliyokuzwa na Habib Saleh wa msikiti wa Riyadha tangu mwanzo wa karne ya 20, huwaleta mahujaji kutoka pwani yote katika Mfungo Sita. Wageni hupokewa majumbani, chakula hupikwa kwa michango na sadaka, na mbio za punda huchezwa pamoja na dufu. Halmashauri haikuyaanzisha. Tamasha la utamaduni la Lamu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mji ulipoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lilikuwa na wadhamini wa namna nyingine: makumbusho ya taifa, balozi za nje, na baada ya 2013 serikali ya kaunti. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 yalipowafukuza watalii, hoteli ziliumia mno. Maulidi yaliendelea, kwa kuwa mgeni wake hakuwa mtalii.

Kwa Lipangalala hesabu ya Lamu ina maana iliyo wazi. Halmashauri ikijifanya mwenye shughuli, ikaajiri jukwaa na kuwaita wachezaji kwa posho, itakuwa imerudia Nane Nane katika uwanja mdogo, na mwaka wa ukame au wa mafuriko itaacha. Ikitoa vile ambavyo mwananchi hawezi kuvitoa peke yake, yaani kiwanja, maji safi, vyoo, taa na ulinzi, ikaondoa ada ya kibali na ushuru wa vizimba kwa siku hizo, gharama yake itakuwa ndogo na ya kujulikana. Kisha ushuru wa nyumba za wageni wa mwezi huo uandikwe peke yake katika kitabu cha mji, ili diwani aweze mwakani kusimama na tarakimu mkononi. Chakula na ngoma viachwe kwa vikundi, vyama vya akiba, makanisa, misikiti na jamaa, ambao hawakuacha kuchangiana kwa zamu hata siku moja. Harusi za Ifakara zashuhudia.

Na wakati ni ule wa zamani. Mvua zikiisha na mpunga ukivunwa, wanunuzi wamekwisha kufika mjini. Lumemo huwa umetulia ndani ya kingo zake, na majaruba ya Lipangalala yamekauka hata mtu aweza kuyapita kwa viatu. Hali hiyo hudumu kiasi cha miezi minne. Mvua za Novemba zikianza, uwanja huo hulimwa tena.