Siku ya 13 Julai katika Kalenda ya Kashmir

Siku za ukumbusho za Kashmir ni nyingi, na aghalabu hupingana. Tarehe 26 Oktoba 1947 Maharaja Hari Singh alitia sahihi hati ya kuiunga nchi yake na India, na kesho yake askari wa India wakatua Srinagar kwa ndege. Siku hiyo ya 27 jeshi la India huiadhimisha kwa fahari, hali Pakistan huiita Siku Nyeusi. Lakini iliyo nzito kupita zote, kwa maoni yangu, ni 13 Julai.

Mwaka wa 1931 mtu mmoja, Abdul Qadeer, alishitakiwa kwa uchochezi baada ya kuwahutubia Waislamu wa Srinagar juu ya dhuluma za utawala wa Kidogra. Kesi ilisikizwa ndani ya gereza kuu la mji. Tarehe 13 Julai umati ulikusanyika nje ya gereza, askari wakapiga risasi, na watu 22, kwa hesabu inayotajwa zaidi, wakafa. Walizikwa penye ziara ya Khwaja Naqshband. Wenyeji husimulia kwamba mmoja alisimama kuadhini, akapigwa. Wa pili akaendelea pale alipokoma mwenziwe, naye akaanguka, hata adhana ikatimia. Mwanahistoria ataipokea simulizi hii kwa hadhari, ila asiitupe, kwani ndiyo iliyoiweka tarehe ile vifuani mwa watu kuliko ripoti ya tume ya Glancy iliyoundwa baadaye. Yafaa pia ikumbukwe kwamba siku ile ile maduka ya Wahindu yaliporwa mjini, na baadhi ya Mapandit huihesabu kuwa siku ya msiba wao.

Kwa miaka mingi 13 Julai ilikuwa siku kuu ya serikali huko Srinagar, na upande wa Pakistan iliadhimishwa vilevile. Jambo la nadra kwa watu wasioafikiana hata juu ya mpaka. Agosti 2019 India iliiondolea Kashmir hadhi yake ya pekee. Orodha ya siku kuu za 2020 ilipotoka, 13 Julai haikuwamo, wala siku ya kuzaliwa Sheikh Abdullah; iliyoingizwa ni 26 Oktoba. Mwaka wa 2022 ikaongezwa siku ya kuzaliwa Hari Singh, yule yule ambaye askari wake walifyatua risasi. Julai 2025 Waziri Kiongozi, Omar Abdullah, mjukuu wa Sheikh, alipozuiliwa na polisi, alipanda ukuta wa makaburi akaenda kusoma Fatiha.

Ziko sherehe zisizongoja tangazo la serikali. Mapandit wengi walihama bondeni tangu 1990, lakini usiku wa Herath huloweka jozi majini popote walipo. Kila mwaka, Mei au Juni, maelfu hurudi kwenye chemchemi ya Kheer Bhawani kijijini Tulmulla, ambako Waislamu wa hapo huwapokea. Huinama wakatazama rangi ya maji. Yakiwa meusi, husemwa kwamba balaa yaja.