Beaker: Kikaragosi mnyonge aliyedumu bila kutamka neno

KWA sikio la Mswahili, Beaker ana neno moja tu: “mimi”. Hulikariri harakaharaka kwa sauti nyembamba, likipanda na kushuka kadiri hofu inavyomzidi. Waliomuunda hawakukusudia neno hilo. Kwao ulikuwa mlio tu wa kiumbe aliyeshikwa na woga. Hata hivyo, sadfa hiyo ya lugha inamfaa mno, kwani katika kundi zima la vikaragosi wenzake hakuna anayepuuzwa kama yeye, na kila anapofungua kinywa huwa ni kana kwamba anasihi atambuliwe.

Beaker ni mhusika mdogo wa kuchekesha katika The Muppet Show, kipindi cha runinga kilichochanganya nyimbo, michezo mifupi na mzaha, na ambacho wenyeji wake walikuwa vikaragosi. Muasisi wake alikuwa Mmarekani Jim Henson (1936–1990). Mashirika makubwa ya utangazaji ya Marekani yalipokosa imani na wazo lake, Henson aliungwa mkono na Mwingereza Lew Grade, na kipindi kikarekodiwa katika studio za Elstree karibu na London. Jumla ya vipindi 120 vilitengenezwa kati ya mwaka wa 1976 na 1981.

Katika msimu wa kwanza, Beaker hakuwepo. Dkt Bunsen Honeydew, mwanasayansi mwenye kichwa cha kijani kibichi mfano wa tikiti na miwani isiyo na macho nyuma yake, alikuwa akionyesha uvumbuzi wake peke yake. Msimu wa pili ulipoanza mwaka wa 1977, aliletewa msaidizi. Jina la bwana lilitokana na kichomeo cha gesi kinachotumiwa maabarani, na la msaidizi likatokana na chombo cha kioo kinachowekwa juu ya moto huo. Majina hayo yalikuwa yameshatabiri nani angeunguza na nani angeungua.

Umbo lake

Beaker ana kichwa kirefu chembamba kama mtungi, nywele za rangi ya machungwa zilizosimama wima, macho yaliyotoka pima na kinywa kilichopinda kwenda chini. Huvaa koti la maabara na tai kama mtumishi mtiifu aliyefika kazini mapema. Anapoogopa, kichwa chake huzama ndani ya ukosi wa shati, kisha hujitokeza tena polepole kuchungulia iwapo hatari imepita. Mara nyingi huwa haijapita.

Nyuma ya vioja hivyo mna kazi ngumu. Mchezeshaji huinua mkono wake juu ya kichwa, akautia ndani ya kikaragosi na kukiendesha kinywa kwa vidole, huku yeye mwenyewe akiwa amefichwa chini ya mandhari. Hutazama skrini ndogo iliyo karibu naye ili aone kile ambacho kamera inakiona. Kwa hivyo, hofu yote ya Beaker, tangu shingo inayorefuka hadi kinywa kinachotetemeka, ilitoka katika mkono mmoja wa binadamu na koo lake.

Kwa nini anachekesha

Mpangilio wa vichekesho vyake haubadiliki sana. Dkt Bunsen huwakaribisha watazamaji kwa bashasha, akawatangazia maajabu ya kesho, kisha akamwita Beaker ayajaribu. Kulikuwa na vibanio vya karatasi vinavyolika, chombo cha kuchongea ndizi, na mashine ya kutoa nakala iliyozaa akina Beaker wengi kwa mpigo. Kama si mlipuko, basi ni mshtuko wa umeme, au mwili wa msaidizi hubadilika kwa namna ambayo bwana wake hakuitarajia.

Dkt Bunsen si katili. Hamchukii Beaker, wala hampigi. Kosa lake ni kwamba hasikii. Amezama katika maneno yake mwenyewe kuhusu maendeleo, na kilio cha msaidizi hukichukulia kuwa sehemu ya jaribio. Kwa upande wake, Beaker ndiye pekee chumbani anayejua kwamba mambo yataharibika. Maarifa anayo, ila hana maneno ya kuyafikisha. Mtazamaji humwelewa vyema bila mkalimani, lakini mwenye mamlaka hamwelewi kamwe.

Hapo ndipo siri ya mhusika huyu ilipo. Yeyote aliyewahi kuwa kibarua, mtumishi au mwanafunzi wa kazi anamjua Dkt Bunsen. Ni yule mkubwa anayesema “hebu jaribu wewe kwanza” huku yeye akisimama kando. Tunamcheka Beaker kwa sababu kichwa chake kinafuka moshi, lakini pia kwa sababu tumewahi kukaa katika nafasi yake tukapanua kinywa na sauti isitoke vizuri.

Wakati mwingine waandishi wa kipindi walimwondoa maabarani na kumwacha aimbe. Aliwahi kupewa Feelings, wimbo wa mapenzi uliovuma sana miaka ya 1970, akauimba kwa milio yake ile ile. Aidha, mwaka wa 2008 alitokea katika video fupi kwenye intaneti akiimba muziki wa Beethoven kwa kujigawanya kuwa waimbaji kadhaa, na kizazi ambacho hakikuwahi kukiona kipindi cha awali kikamfahamu kupitia video hiyo.

Mtu aliyemtia uhai

Mchezeshaji wa kwanza wa Beaker alikuwa Richard Hunt, mzaliwa wa New York mwaka wa 1951. Alijiunga na Henson akiwa hajatimiza miaka 20. Mbali na Beaker, aliwachezesha Scooter, kijana mtumwa wa jukwaani, na Statler, mmoja wa wazee wawili wanaokaa kwenye roshani wakikejeli kila kitu. Ni ajabu kwamba mtu mmoja aliwabeba mzee asiyekosa la kusema na mnyonge asiyeweza kusema lolote.

Hunt alifariki New York mnamo Januari 7, 1992, akiwa na umri wa miaka 40, kutokana na maradhi yanayohusiana na Ukimwi. Henson alikuwa ametangulia mnamo Mei 16, 1990. Katika muda usiofika miaka miwili, kundi hilo lilikuwa limempoteza baba na mmoja wa wanawe hodari, na swali likawa iwapo vikaragosi wao wangezikwa pamoja nao.

Jibu lilitolewa mwaka huo huo wa 1992 katika filamu The Muppet Christmas Carol, iliyotokana na hadithi ya Charles Dickens kuhusu Scrooge, tajiri bahili. Michael Caine aliigiza tajiri huyo. Dkt Bunsen na Beaker walipewa nafasi ndogo ya watu wanaochangisha fedha za kuwasaidia maskini, na Scrooge anawafukuza. Mwishoni, tajiri akiwa ameshabadilika moyo, anakutana nao tena na kuwapa mchango mkubwa. Beaker, ambaye hana mali wala maneno, anaivua skafu yake nyekundu na kumpa Scrooge. Tajiri anabaki ameduwaa, kisha anaivaa.

Mkono uliomchezesha Beaker wakati huo ulikuwa wa Steve Whitmire. Filamu yenyewe ilitolewa kwa kumbukumbu ya Henson na Hunt. Anayejua hayo haitazami tena skafu ile kwa jicho la awali.

Whitmire alipoondoka katika kundi hilo mwaka wa 2016, kazi ilimwangukia David Rudman. Vikaragosi wenyewe walikuwa mali ya kampuni ya Disney tangu mwaka wa 2004. Kwa hivyo Beaker amepitia mikono mitatu, na mtoto anayemtazama hawezi kutambua ilipoishia mmoja na kuanzia mwingine.

Vikaragosi na yasiyosemeka

Maradhi yaliyomuua Hunt yalikuwa yakitajwa kwa minong’ono nyakati hizo, huko Marekani na hata huku kwetu. Yafaa ikumbukwe kwamba miongoni mwa waliosaidia kuyataja waziwazi barani Afrika ni vikaragosi. Nchini Kenya, katika miaka ya 1990, kundi la CHAPS lilitumia vikaragosi katika maonyesho ya hadharani kuwafunza wananchi kuhusu Ukimwi. Nchini Afrika Kusini, mwaka wa 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame kilimleta Kami, kikaragosi msichana anayeishi na virusi vya HIV. Naye ametoka katika ukoo wa Henson, yaani ni binamu wa mbali wa Beaker.

Wakenya walikutana na sura nyingine ya sanaa hii mwaka wa 2009, The XYZ Show ya mchoraji vibonzo Gado ilipoanza kuwakejeli wanasiasa kwa vikaragosi wa mpira. Pale, kikaragosi alichekesha kwa kusema mengi kumhusu mkubwa. Beaker huchekesha kwa upande wa pili, ule wa mdogo asiyeweza kumjibu mkubwa huyo.

Heshima iliyochelewa

Mwaka wa 2004, kura iliyopigwa nchini Uingereza kupitia intaneti iliwataka watu wamchague mwanasayansi wa skrini wanayempenda zaidi. Takriban kura 43,000 zilipigwa. Dkt Bunsen na Beaker waliibuka washindi kwa asilimia 33, wakimwacha nyuma hata Spock wa Star Trek, bingwa wa hoja na mantiki.

Ushindi ulitajwa kwa majina yote mawili, nalo ni jambo la kutia moyo. Maabarani, aliyezungumza alikuwa mmoja, na aliyelipa gharama ya kila jaribio alikuwa mwingine. Watazamaji waliyaona yote hayo kwa miaka mingi, wakacheka, lakini siku ya hesabu hawakumsahau msaidizi. Waliotutangulia walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.