Nigeria: Magavana wenye bunge lakini wasio na polisi

KATIKA nchi inayofuata mfumo wa shirikisho, raia huishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja: ile ya taifa na ile ya jimbo lake. Kila moja hupata mamlaka yake moja kwa moja kutoka kwa Katiba, na kwa hivyo hakuna iliyo mtumishi wa mwenzake. Hivyo ndivyo inavyoandikwa. Nigeria, yenye majimbo 36 pamoja na mji mkuu wa Abuja, yaonyesha jinsi maandishi hayo yanavyoweza kuelemea upande mmoja.

Katiba ya 1999 ilitungwa chini ya utawala wa kijeshi uliokuwa ukiondoka, na alama za wanajeshi zimo ndani yake. Mambo 68 yaliwekwa mikononi mwa serikali ya taifa pekee, yakiwemo ulinzi, sarafu, forodha, mafuta na madini. Orodha ya pili ni ya mambo ambayo pande zote mbili zaweza kuyatungia sheria, mathalani elimu ya vyuo vikuu na ustawi wa kilimo. Sheria hizo zikigongana, ya taifa ndiyo hushinda. Jambo lisilotajwa popote huachiwa jimbo, ingawa baada ya orodha ndefu kama hiyo hayasalii mengi. Mnamo 2023 marekebisho ya Katiba yaliyapa majimbo nafasi zaidi katika reli, magereza na umeme.

Polisi nao waliwekwa katika orodha ya kwanza. Gavana huitwa afisa mkuu wa usalama wa jimbo lake, lakini akimwagiza kamishna wa polisi jambo, Katiba inamruhusu kamishna huyo kuomba kwanza suala lipelekwe kwa Rais. Januari 2020, majimbo sita ya kusini magharibi yalipozindua kikosi cha Amotekun ili kulinda vijiji na barabara, Mwanasheria Mkuu wa serikali ya taifa alikitaja kuwa haramu. Mvutano ulipoa baada ya mazungumzo, na majimbo yakatunga sheria za kukihalalisha.

Mgogoro mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa fedha. Mapato ya mafuta huingia katika hazina ya pamoja. Angalau asilimia 13 hurudishwa kwa majimbo yanakotoka mafuta hayo, kisha kinachobaki hugawanywa. Kwa kanuni iliyotumika kwa zaidi ya miaka 20, serikali ya taifa imekuwa ikichukua asilimia 52.68, majimbo 26.72, na mabaraza ya wilaya 20.60. Msomaji wa Kenya, aliyezoea magavana wakilalamikia Hazina ya Kitaifa kuhusu pesa za kaunti, hatashangaa kwamba kesi ni nyingi.

Mnamo 2002, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mafuta ya baharini si mali ya majimbo ya pwani. Uamuzi huo uliyaumiza majimbo hayo, na ikabidi sheria ya 2004 iwarejeshee fungu la visima vilivyo katika kina kisichozidi mita 200.

Mwaka huo wa 2004, Rais Olusegun Obasanjo alizuia pesa za mabaraza ya Lagos kwa kuwa gavana wa jimbo hilo, Bola Tinubu, alikuwa ameunda mabaraza mapya. Lagos ilienda mahakamani, na Desemba Mahakama ya Juu ikaamua kuwa Rais hana mamlaka ya kuzuia pesa hizo.

Miaka 20 baadaye mabaraza hayohayo yalirudi mahakamani, safari hii mlalamikaji akiwa serikali ya taifa. Ilidai kuwa magavana walikuwa wakizikalia pesa za mabaraza, ambazo kwa Katiba hupitia akaunti ya pamoja ya jimbo. Julai 11, 2024, Mahakama ya Juu iliamuru mabaraza yalipwe moja kwa moja. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo, ambaye serikali yake ndiyo iliyowashtaki magavana, alikuwa Bola Tinubu.