Viti vya Bodi: Kutoka GNOME hadi Kigobe

Msomaji wetu huenda akashangaa kukuta makala kuhusu uchaguzi wa watunga programu za kompyuta katika jarida la Idara ya Kiswahili. Asishangae. Swali lililowasumbua ndilo lililoulizwa hapa kwetu Kigobe, yalipo makao ya Bunge: jumuiya yenye makundi yasiyoaminiana igawane vipi viti bila kuvunjika?

Programu huria ni zile ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mwanzoni mambo ya kura hayakuwapo. Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, akauongoza kwa sababu ndiye aliyeuanza, na mwaka 1996 akamwachia Bruce Perens. Aliyechimba kisima ndiye aliyegawa maji. Ilipofika Desemba 1998 wanachama walipitisha katiba iliyotaka kiongozi achaguliwe kila mwaka. Mpiga kura huwapanga wagombea kwa kufuatana, na daima karatasini huwapo chaguo jingine, yaani "hakuna hata mmoja kati yao". Mgombea akishindwa na chaguo hilo hapati nafasi, hata akiwa amegombea peke yake.

GNOME ni mradi mwingine, ulioanzishwa mwaka 1997 na Wameksiko wawili, Miguel de Icaza na Federico Mena. Muda si mrefu kampuni zikaanza kuwaajiri wachangiaji wake. Hapo hofu ikaingia. Kampuni yenye wafanyakazi wengi ingeweza kuinyakua bodi yote kwa kura halali kabisa, bila kuiba hata moja. Basi mwaka 2000, walipounda wakfu na kuipigia kura bodi yao ya kwanza, kanuni ziliweka mpaka: watu wa kampuni moja wasizidi asilimia 40 ya viti. Mgombea hulazimika kutaja mwajiri wake hadharani. Na mpaka huo si wa siku ya kura tu, kwani waajiri nao huuzwa na kununuliwa. Novell iliponunua Ximian mwaka 2003, watu waliokuwa wa nyumba mbili walijikuta wa nyumba moja.

Sasa turudi nyumbani. Katiba ya Burundi iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya Februari 2005 ilifuata Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000. Ilitaka Bunge liwe na Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa wapate viti vitatu. Uchaguzi wa Julai 2005 ulitoa wabunge 100: CNDD-FDD 59, FRODEBU 25, UPRONA 10, CNDD 4 na MRC 2. Hesabu ya makundi haikutimia. Wakaongezwa wengine 18, watano kwa kila kimoja cha vyama vitatu vikubwa pamoja na Watwa watatu, na Bunge likawa la watu 118. Tofauti na GNOME inaonekana hapo. Wale hupunguza walio wengi mno, sisi tuliongeza waliokosekana. Kwa maoni yangu njia yetu ni ghali zaidi lakini ina adabu zaidi, maana hakuna aliyeshinda akaambiwa arudi kwao.

Walimu wenzangu watambue hapa kazi ya vitenzi. Wale 100 walichaguliwa. Wale 18 waliteuliwa. Wanafunzi wengi huandika "kuteua" na "kuchagua" kana kwamba ni neno moja, na magazeti huwasaidia kukosea.

Tarehe 19 Agosti 2005 wabunge na maseneta walimpigia kura Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito. Mgombea alikuwa mmoja, Pierre Nkurunziza, aliyepata kura 151. Kifungu maalumu cha katiba ndicho kilichoruhusu Rais huyo wa kwanza achaguliwe na Bunge na Seneti badala ya wananchi wote. Kifungu kingine, cha 96, kilisema Rais huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Je, muhula uliotokana na kura ya wabunge ulihesabiwa? Mwaka 2015 swali hilo la usomaji wa sentensi liliingia barabarani. Mahakama ya Katiba iliamua mwezi Mei kwamba Rais anaweza kugombea tena. Wapinzani walishikilia Mkataba wa Arusha, uliosema hakuna atakayezidisha mihula miwili. Watu walipoteza maisha na maelfu walikimbia nchi. Anayedhani somo la ufahamu ni la kujazia ratiba na asome tena vifungu hivyo viwili.

Limebaki jambo linalotuhusu sisi wa lugha. Nani ana haki ya kupiga kura katika jumuiya hizo? Debian kwa miaka mingi iliwatambua hasa wanaoandaa vifurushi vya programu, na mwaka 2010 wanachama waliamua kuwapokea pia wachangiaji wa kazi nyingine. GNOME huhesabu tafsiri kuwa mchango kama mchango mwingine. Watu wa Kiswahili wana rekodi katika kazi hiyo, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Mwanafunzi wetu anayetafsiri menyu za GNOME kwa bidii anaweza kuomba uanachama kwa kuonyesha kazi yake. Akikubaliwa, kura yake ina uzito sawa na ya mhandisi wa Boston. Uanachama hudumu miaka miwili, kisha huombwa upya.