Salang: njia iliyotoboa milima ya Hindu Kush



Wengi wetu tunamfahamu Ibn Battuta, msafiri mashuhuri aliyezaliwa Tangier nchini Morocco, kwa sababu mwaka 1331 alifika pwani ya Afrika Mashariki na akaandika habari za Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Ni wachache wanaofuatilia alikokwenda baada ya hapo. Miaka miwili baadaye, akiwa njiani kuelekea India, alikutana na milima ya Hindu Kush katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Tumfuate huko, kwani milima hiyo inatufundisha jambo kuhusu barabara ambalo hata sisi linatuhusu.

Hindu Kush ni safu ndefu ya milima inayoitenga Kabul na miji ya kaskazini kama vile Kunduz na Mazar-i-Sharif. Msafiri hawezi kupita popote atakapo. Ni lazima atafute kipito, yaani pale ambapo milima imeshuka kidogo katikati ya vilele viwili. Hata huko kwenye vipito, theluji hufunga njia kwa miezi mingi ya mwaka.

Ibn Battuta anaeleza kwamba alikaa karibu na Kunduz kiasi cha siku arubaini akingoja baridi ipungue. Hakuona aibu kungoja. Walipoanza kupanda, watu wa msafara walitandika vitambaa vizito vya sufu mbele ya ngamia ili miguu ya wanyama isizame kwenye theluji. Anaeleza pia asili ya jina la milima hiyo kama alivyoielewa, kuwa maana yake ni muuaji wa Wahindi, kwa sababu watumwa wengi waliotolewa India walikufa humo kwa ukali wa baridi. Hapo yafaa tutulie kidogo. Njia ileile aliyoipita mwanachuoni na mfanyabiashara, wamepitishwa pia watu waliofungwa, wasio na nguo za kutosha, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote. Sisi wa Afrika Mashariki tunalielewa hilo vizuri, kwani njia za misafara kutoka bara hadi Bagamoyo na Kilwa nazo zilipitisha pembe za ndovu pamoja na wanaadamu.

Ibn Battuta alivuka upande wa mashariki wa kipito kinachoitwa Salang. Salang yenyewe, ambayo kilele chake kiko mita 3,878 juu ya usawa wa bahari, ilipata umaarufu katika karne ya 20. Serikali ya Afghanistan ilitaka barabara ya kuunganisha Kabul na kaskazini, na Umoja wa Kisovieti ukajitolea kuijenga. Badala ya kuipandisha hadi kileleni, wahandisi walitoboa handaki la kiasi cha kilomita 2.7 chini ya kipito, na sehemu za barabara zilizo karibu wakazijengea mapaa ya zege ili theluji inayoporomoka ipite juu. Handaki lilifunguliwa mwaka 1964. Safari iliyokuwa ikichukua siku kadhaa kwa kuzunguka, sasa ilikuwa ya saa chache. Ngano, matunda na mafuta vilipita, na mgonjwa wa kaskazini aliweza kufikishwa Kabul hata wakati wa baridi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwezi wa Desemba 1979, miaka 15 tu baada ya ufunguzi, vifaru vya wale waliojenga barabara vilipita katika handaki hilohilo kwenda kuikalia Kabul. Vita vikadumu zaidi ya miaka tisa. Barabara ya chakula ikawa barabara ya risasi, na wapiganaji wa Kiafghani wakawa wanaivizia misafara ya jeshi katika makorongo yake. Novemba 1982 magari ya jeshi yalikwama ndani ya handaki, na watu wengi wakafa kwa moto na moshi. Taarifa za Kisovieti zilitaja watu 176, na wengine wametaja idadi kubwa zaidi. Februari 1989, jeshi hilo liliondoka kwa njia ileile lililokuja nayo.

Mashaka hayakuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Waafghani walipokuwa wakipigana wao kwa wao, handaki lilifungwa kwa milipuko ili upande mmoja usiweze kupita. Watu wa kawaida wakarudi kuvuka kwa miguu juu ya theluji, kama enzi za Ibn Battuta. Lilifunguliwa tena mwaka 2002, baada ya kuondolewa vifusi na mabomu ya kutegwa. Februari 2010 maporomoko ya theluji yaliua zaidi ya watu 160 barabarani hapo, na Desemba 2022 lori la mafuta liliwaka moto ndani ya handaki na kuua watu wasiopungua 31.

Tunajifunza nini? Barabara haina nia. Nia ni ya wanaoijenga na wanaoipita. Kwa hiyo jamii inapoletewa msaada wa njia, bandari au daraja, si vibaya kushukuru, lakini ni wajibu kuuliza pia: anayejenga anataka nini, na funguo zitabaki kwa nani? Aidha, barabara ni amana. Ikishajengwa inahitaji kutunzwa, kufagiliwa theluji na kuwekewa taa na hewa, la sivyo neema hugeuka kaburi. Dini yetu imeuhesabu hata mwiba unaoondolewa njiani kuwa ni katika imani, seuze barabara inayobeba maisha ya maelfu.

Wazazi, wafungulieni watoto ramani jioni moja, muwaonyeshe Kilwa, kisha Kunduz, kisha Kabul. Waulizeni: katika njia hii, nani alipita kwa hiari yake, na nani alipitishwa? Mwanafunzi anayeweza kuuliza hivyo ameanza kuijua historia.

Wabillahi tawfiq.