Chombo cha Mtu Mwenye Kanzu

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa vespa Mkunazini, Unguja, na wateja wake wote waliijua kauli yake: pikipiki ni ya askari, vespa ni ya mtu mwenye kanzu. Pikipiki ina tangi la petroli katikati ya mapaja, shekhe atalipandaje? Vespa mtu huingia kama anayekwenda kukaa barazani. Miguu iko mbele, ngao ya bati inamkinga na matope, na injini imefunikwa nyuma, hairushi oili. Mke hukaa upande na buibui lake, na kapu la sokoni likaning'inia kwenye ndoano chini ya kiti.

Aliyeichora alisumbuliwa na mambo hayohayo. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege wa kampuni ya Piaggio, hakuzipenda pikipiki: aliziona chafu, na pancha moja tu ilikuwa kazi pevu. Kiwanda cha Pontedera, Italia, kilikuwa kimepigwa mabomu vitani, na biashara ya ndege imekwisha. Mwaka 1946 kikatoa chombo kisicho na mnyororo, gia zake ziko mkono wa kushoto wa usukani, na gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama la ndege, ili libadilishwe upesi. Ndiyo maana vespa hutembea na tairi ya akiba.

Unguja tulikuwa na sababu yetu ya ziada, nayo ni njia. Mji Mkongwe ulijengwa kwa miguu ya watu na punda. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilileta gari moshi lililotoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili 7, na hata miaka ya 1920 haijesha motokaa na mabasi yalikuwa yamelishinda. Lakini motokaa nayo ina mwisho wake. Itafika Darajani, itafika Forodhani, ila vichochoro vya Kiponda haviwezi. Vespa inaviweza, na mwenyewe akifika huiingiza ukumbini, nyuma ya mlango wa nakshi, ikalala humo.

Kwangu mimi historia yenyewe inaanzia baada ya Mapinduzi ya 1964. Fedha za kigeni zilikuwa mikononi mwa serikali, bidhaa kutoka nje zikawa za kuhesabu, na miaka ya 1970 spea hazikuwamo madukani. Anayetaka kujua kwa nini vespa kuukuu zimebaki Unguja asiwatazame matajiri. Awatazame mafundi. Baba alikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu za maboksi. Waya wa breki ya baiskeli aliufanya waya wa klachi. Platini aliisugua kwa msasa mpaka ikawa nyembamba kama ukucha, akairudisha kazini. Sakafu ikioza kwa chumvi ya bahari, alichomelea bati la pipa. Ringi za pistoni zilikuja mfukoni mwa baharia au jamaa aliyetoka Mombasa au Maskati, na siku hiyo kibandani palikuwa na furaha kama ya harusi.

India ilitusaidia sana. Bajaj waliunda vespa kwa leseni ya Piaggio kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1971, kisha wakaendelea na Chetak yao kwa umbo lilelile, na vipuri vyake vingi viliingia kwenye vespa ya Italia bila ubishi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Ali Hassan Mwinyi, Chetak na baadaye vespa za LML ziliingia kwa wingi.

Siku hizi Jumapili alasiri, vijana na wazee hukutana Maisara na vespa zao. Hakuna kadi wala kiingilio. Ni kahawa, kashata na ubishi. "Shikamoo mzee, oili unatia kiasi gani?" Swali hilo haliishi. Vespa za miaka ya 1950 zilitaka asilimia 5 kwenye petroli. Zilizofuata zinatosheka na 2, yaani mililita 20 kwa lita. Wazee wengi bado wanazidisha, na moshi unawaumbua.

Vijana hupiga picha zile zilizopakwa rangi mpya. Mimi huinama chini kutafuta viraka. Kila fundi alichomelea kwa namna yake, na kazi ya Mkunazini siipotezi. Inaniuma kwamba majina yao hayakuandikwa popote, kwa hiyo nimeanza kwenda na daftari la baba, lenye namba za vyombo na maradhi yake, tuoanishe.

Wiki iliyopita tulisoma bodi moja ya kijivu. Namba yake inaanza na VBB, toleo la Italia la mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini ni ya Bajaj. Sakafu ni bati la pipa, na kiraka ni cha baba. Kimo daftarini, pamoja na jina la babu wa kijana aliyekuja nayo. Nilimuuliza kama anaiuza, maana wanunuzi wapo. Akasema hawezi, kesho saa moja asubuhi ampeleke binti yake skuli Mwanakwerekwe.