Boriti za kwetu kwenye kijiji kilichohamwa

Najua nimepotea. Mama amenipigia juzi kuuliza kama blogu imekufa au mwenye blogu ndiye mgonjwa. Hapana, nipo mzima, ni zamu za usiku tu. Mwezi mzima nimelala mchana na kuamka magharibi kama popo. Sasa nimepata siku mbili za mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, kwa hiyo kaeni vizuri maana leo ni ndefu.

Wengi mnaniuliza Qatar ni majengo marefu tu au kuna vijijini kama kwetu. Nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Hapa Al Rayyan ninapoishi ni mji juu ya mji, barabara, maduka na viwanja vya mpira. Mgonjwa wangu mmoja, bibi mtu mzima sana, ndiye aliyenitia kiherehere cha kutafuta. Usiku mmoja nilikuwa nampima presha. Akaniangalia usoni kwa muda, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, hakuelewa. Nikamwambia Sawahil, akatikisa kichwa. Bibi huyu ni mweusi kama shangazi yangu, hata ule mtindo wa kufunga ushungi ni wa shangazi. Akasema mama wa mama yake alitoka Sawahil. Nikauliza sehemu gani? Akasema hajui, hakuambiwa. Kisha akageukia ukutani akalala. Simwandiki jina wala wodi, mnajua miiko ya kazi yetu. Lakini lile neno "hakuambiwa" lilikaa na mimi mpaka nikaanza kusoma, na Ijumaa iliyofuata tukakodi gari wanne, mimi na wenzangu wa kazini, Wafilipino wawili na dada mmoja wa Kerala, tukaenda kaskazini.

Tulikwenda Al Jumail. Ni kijiji cha zamani kwenye pwani ya kaskazini magharibi, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Hakikaliwi. Kuta zimesimama nusu nusu na mnara wa msikiti unaonekana kutoka mbali. Vijiji vya namna hii viko kadhaa kwenye pwani ile, Al Areesh na Al Khuwair ni baadhi yake, na hata Waqatari vijana niliowauliza kazini wengi hawajawahi kufika. Wenzangu walipiga picha dakika kumi wakarudi kwenye gari kwa ajili ya kipupwe. Mimi nilibaki naangalia kuta, wakawa wananipigia honi.

Kuta zile ni mawe ya baharini yaliyokandikwa udongo na chokaa yao, kama nyumba za zamani za Kilwa. Vyumba ni vyembamba na virefu, na sehemu ya juu ya ukuta kuna matundu ya mviringo, yamejipanga mstari. Pale ndipo yalipokaa magogo ya dari. Sasa jiulizeni, nchi hii haina msitu, mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 75, magogo yalitoka wapi?

Yalitoka kwetu! Ni boriti, mikoko ile ile ya delta ya Rufiji na ya Lamu. Huku wanaziita danshal au chandal. Ukienda kwenye nyumba za zamani zilizokarabatiwa Doha ukainua macho utaziona, nyekundunyekundu, zimepangwa sambamba, juu yake mianzi iliyopasuliwa iliyotoka India, halafu mkeka, halafu udongo wa hapa hapa. Na upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Mkoko hautoi gogo refu lililonyooka lenye nguvu ya kubeba dari zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo chumba cha Al Jumail kina upana ule ule wa chumba cha Lamu. Fundi wa hapa alikata nyumba kwa kipimo cha mti wa Kibiti.

Babu, hapa nakusalimia wewe. Nakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia majahazi ya Waarabu yakiingia deltani na kaskazi, mnakwenda na mtumbwi kukata, mnazitoa kwenye tope na kuzihesabu kwa korja, ishirini ishirini, na kubishana hii ni boriti au ni mazio. Sisi wajukuu tulikuwa tunasinzia. Kumbe kuna mtu mwingine naye aliandika habari hizo. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, nahodha wake Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliteremka na upepo mpaka Zanzibar, wakaingia Rufiji kupakia boriti, ndipo wakarudi Ghuba na kusi. Amesimulia tope, mbu na homa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940, nacho nilikiazima kwa daktari mmoja. Kwa wale wasiojua kwetu, delta ile ina hekta kama 53,000 za mikoko, ndiyo kubwa kuliko zote kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Biashara ilikuja kufifia kwa sababu huku wakaanza kujenga kwa saruji na chuma, na kwa upande wa Kenya serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982.

Haya, turudi kijijini. Waliishije?

Waliishi kwa lulu. Pwani yote hii, kutoka Kuwait mpaka Ras al-Khaimah, ilitegemea lulu, na vijiji vya kaskazini mwa Qatar havikuwa na jingine la maana zaidi ya samaki na mifugo kidogo. Karibu miezi minne ya joto kali wanaume waliondoka na majahazi, kuanzia Juni hivi hadi mwisho wa Septemba. Kijijini wakabaki wanawake, wazee na watoto. Wanawake ndio waliochota maji visimani, na maji yenyewe ya chumvichumvi, wakachunga mbuzi na kuvua samaki walionaswa kwenye kuta za mawe zilizojengwa ufukweni, maji yakikupwa samaki wanabaki ndani. Kwetu tungesema ni uzio, ila huu ni wa mawe. Wana dema pia, wanaiita gargoor.

Chakula kikubwa ni tende. Kule Al Zubarah, mji wa lulu ulio jirani, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2013, kuna vyumba vidogo vyenye sakafu ya mifereji. Walipanga makanda ya tende pale juu kwa juu, uzito ukakamua asali ya tende, ikatiririka mpaka kwenye mtungi. Nimeipenda sana akili hiyo.

Baharini mambo yalikuwa mengine. Mzamiaji alibanwa pua kwa kibanio cha mfupa au gamba la kasa, mguu kwenye kamba yenye jiwe, kikapu shingoni, akashuka pima kadhaa, akakaa dakika moja au zaidi kidogo, akatikisa kamba na mwenzake wa juu akamvuta. Mara hamsini, sitini kwa siku. Asubuhi alikunywa kahawa na tende chache tu, maana tumbo likijaa hawezi kuzamia, na mlo wenyewe ni usiku, wali na samaki. Nikiwa nesi nikisoma orodha ya magonjwa yao najua kila moja lilivyoingia. Ngoma za masikio kupasuka kwa mgandamizo wa maji, kiseyeye kwa kukosa matunda na mboga miezi minne, macho kuharibika kwa chumvi na mwanga, ngozi kutoka vidonda visivyopona kwa sababu haikauki. Hospitali ya karibu mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya wamisionari wa Kimarekani huko Bahrain, tena ng'ambo ya bahari. Hospitali ya Rumailah ya Doha ilifunguliwa mwaka 1957.

Kilichonikera zaidi ya magonjwa ni deni. Mzamiaji alichukua malipo ya mbele kwa nahodha ili familia ile wakati hayupo. Msimu ukiwa mbaya deni halikufutika, lilisogezwa mwaka unaofuata, na akifa liliweza kumwangukia mwanawe au ndugu yake. Nahodha naye anadaiwa na mfanyabiashara. Kila mtu yuko kwenye kamba ya mwenzake.

Na kulikuwa na wale ambao hata deni halikuwa lao. Sitaki kulizunguka hili. Wengi wa wazamiaji na wavutaji kamba walikuwa watumwa, na wengi walitoka pwani yetu na bara yake, tena wakiwa watoto, wakapitishwa Oman. Walizama wao, mgao ukapokelewa na bwana. Mwingereza aitwaye Lorimer aliyekusanya habari za Ghuba nzima mwanzoni mwa karne iliyopita alikadiria Qatar kuwa na watu 27,000, na zaidi ya mmoja katika kila watano walikuwa Waafrika, wengi wao watumwa. Mmoja katika watano! Sisi shuleni tulisoma soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, tukapiga mstari chini, tukageuza ukurasa. Hakuna aliyetuambia waliokwisha kupakiwa walikwenda kufanya nini. Hapa utumwa umefutwa mwaka 1952. Bibi yangu mimi alikuwa tayari ameolewa. Na waliolipwa fidia ni wenye watumwa, siyo watumwa.

Hapo katikati lulu yenyewe ilikufa. Wajapani walijifunza kuotesha lulu ndani ya chaza, anayejulikana zaidi ni Mikimoto, halafu ukaja mdororo wa uchumi wa 1929, na wanunuzi wa Paris na Bombay wakatoweka. Mwaka 1937 Qatar ikagombana na Bahrain juu ya Al Zubarah, Bahrain ikafunga biashara. Ikaja Vita vya Pili. Watu walikufa njaa na wengi wakahama, hadi mwaka 1949 inasemekana wamebaki kama 16,000 nchi nzima. Mafuta yalikwisha kupatikana Dukhan lakini visima vilizibwa wakati wa vita, meli ya kwanza ya mafuta ikaondoka tarehe 31 Desemba 1949. Baada ya hapo ni rahisi kuelewa. Dukhan kuna mshahara, Doha kuna shule, umeme, maji yaliyosafishwa na dokta. Nani abaki Al Jumail? Familia zikafunga mizigo moja moja, na kufikia miaka ya 1970 vijiji vingi vya pwani ile vilikuwa vimebaki na ndege. Nimesimama pale nikawaza vijiji vya kwetu vijana wanavyovihama kwenda Mbagala, na mimi mwenyewe niliyevuka mpaka bahari.

Niwape haki yao wenyeji, hili jambo hawakulizika lote. Mwaka 2015 Doha ilifunguliwa nyumba ya makumbusho iitwayo Bin Jelmood, na habari yake nzima ni utumwa wa Bahari ya Hindi. Nimekwenda mara mbili, kuingia ni bure. Na kwenye sherehe kuna ngoma wanaiita lewa, watu wanazunguka taratibu na zumari katikati. Nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili ambayo wengine wanaoimba hawayajui maana. Mara ya kwanza kuisikia nilijikuta nacheka peke yangu, halafu machozi. Dada wa Kerala akaniuliza nini, nikashindwa kueleza.

Msije mkanielewa vibaya. Najua kuna mtu atanitumia ujumbe kwamba na mimi si ndiyo mtumwa wa kisasa. Hapana. Nimekuja na shahada yangu, napokea mshahara wangu na nyumba ya Mbagala inapanda. Ila nilipofika mwaka 2015 hata kwenda likizo kulihitaji kibali cha mwajiri, na mwajiri wangu wa kwanza alinizungusha wiki tatu nikakosa arobaini ya baba mdogo. Sheria ya 2018 na nyongeza yake ya 2020 ndizo zilizoondoa kibali hicho kwa walio wengi. Nikisoma habari za nahodha na deni lake huwa nakumbuka zile wiki tatu. Silinganishi, nakumbuka tu.

Yule bibi aliruhusiwa kwenda nyumbani kabla sijarudi zamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwonyesha picha za delta kwenye simu, mitumbwi, mikoko, wanawake na ndoo za kamba. Labda angetambua kitu, labda asingetambua.

Sasa ombi. Babu ana miaka tisini kasoro na kumbukumbu bado anazo. Mdogo wangu, wewe unayeshinda na simu siku nzima, kaa naye umrekodi. Muulize majahazi yalitoka wapi na wapi, korja moja ya boriti ilikuwa shilingi ngapi, walilipwa fedha au tende, na kama wazee wake waliwahi kutaja watoto waliochukuliwa. Asipotaka kulijibu hilo la mwisho usimlazimishe. Halafu nipigieni. Saa za huku na za kwenu ni zile zile, kwa hiyo msinipigie saa nane za usiku mkasingizia majira.